Chombo Huanzia Vichakani: Kutafuta Mierebi ya Kuundia Kayaki ya Ngozi

Maneno haya niliyasema Jumamosi ya mwisho ya Februari mbele ya jamaa zetu wazungumzao Kiswahili wa huku Puget Sound, jimbo la Washington. Theluji iliwazuia wengi kufika, na wengine wamenipigia simu wakitaka kujua nilisema nini. Basi nimeyaandika yote kama nilivyoyasema. Nilichoacha ni picha za ukutani na mzaha mmoja wa ami yangu ambao hauandikiki.

Asalaam aleikum, na hamjambo nyote. Wazee wangu, shikamooni. Akina mama mlioamka alfajiri kutupikia biriani hii, Mungu awalipe, maana sisi wengine tulichoweza ni kula tu.

Nimepewa nusu saa. Mwenyekiti ananijua vizuri, ndiyo maana amekaa karibu na swichi ya kipaza sauti.

Mmekiona chombo kile pale mlangoni. Watoto wamekwisha kukipanda. Mmoja kaniuliza kama ni jeneza. Astaghfirullahi! Si jeneza, mwanangu, ni kayaki, mtumbwi mwembamba wa mtu mmoja. Urefu wake ni pima tatu, pima zangu mimi, si zako. Upana wake ni nyonga zangu na ngumi mbili. Uzito haufiki kilo 16, mtu anakibeba begani kama mkeka. Hakina msumari hata mmoja. Na ndani yake mna mataruma 24, mbavu zake hizo, ambazo zote nimezikata kwa mkono wangu ukingoni mwa mto, mwendo wa saa moja kutoka hapa tulipokaa.

Leo sisemi habari ya kupiga kafi. Sisemi habari ya kushona. Nitasema habari ya fito tu. Mtauliza: mtu mzima, anasimama mbele ya watu nusu saa, anasema habari ya fito? Naam. Maana makosa yote niliyoyafanya katika kayaki yangu ya kwanza, ile ambayo hamkuiona na hamtaiona, yalitokea vichakani, kabla sijashika randa.

Shikeni huu. Huu ni ufito mmoja, nimeukata jana asubuhi. Upitisheni kila meza. Uguseni, unuseni. Mwenye kucha akwaruze gome alionje kidogo. Chungu, siyo? Uchungu huo ni dawa. Wazee wa nchi nyingi walitafuna gome hili kwa homa na maumivu karne na karne kabla ya aspirini kuingia madukani mwaka 1899, na aspirini yenyewe ni mjukuu wa uchungu huo. Mti unaitwaje? Waliosoma Biblia wanalijua jina, ingawa pengine mti wenyewe hawajauona: mierebi ya vijitoni. Mmoja ni mwerebi. Na msidhani ni mti wa Wazungu peke yao. Duniani iko aina zipatazo 400, na mmoja wao unaota kandokando ya mito ya bara kwetu Kenya. Mimi mtu wa Lamu sikuujua mpaka nilipofika huku.

Sasa kabla ya mti, wenyewe. Chombo hiki si changu wala si cha maduka ya michezo. Ni cha Wainuit wa Greenland, wa kaskazini ya Canada na wa Alaska, na ndugu zao Wayupik, na Waunangan wa visiwa vya Aleutian. Jina lenyewe, Wagreenland wanaandika qajaq. Kilikuwa chombo cha kuwindia sili, mnyama wa bahari ya baridi, na kila mtu alikuwa na chake, kimepimwa kwa mwili wake kama kanzu kwa fundi cherehani. Mkono, ngumi, nyonga, kidole gumba. Mnatambua? Sisi nasi tulikuwa na wanda, shibiri, dhiraa na pima kabla ya kuletewa futikamba. Siku ya kwanza nilipoelezwa vipimo vya kayaki nilicheka peke yangu, maana nilikuwa nimekwisha kufundishwa hesabu hiyo Matondoni, kijijini kule Lamu, nikiwa na miaka tisa, na ami yangu, kwa makofi.

Sasa fikirini, ndugu zangu. Unataka kuunda chombo, nawe unakaa mahali ambapo miti haipo. Sisemi michache. Haipo! Sehemu kubwa ya Greenland, mti unaouona ni mwerebi wa kule, mdogo, unatambaa juu ya ardhi kama kiazi kitamu, haufiki gotini. Utaunda chombo kwa nini?

Walipokea mbao kutoka baharini. Mito mikubwa ya Siberia, Lena, Yenisei, Ob, inang'oa magogo na kuyamwaga katika Bahari ya Aktiki. Gogo likiachwa majini tu hulowa likazama. Lakini maji ya kule huganda, barafu inalikamata gogo, inalibeba pole pole mwaka baada ya mwaka, inavuka bahari nzima ya kaskazini nalo, halafu inalitua pwani ya Greenland. Basi mtu aliamka asubuhi akaenda pwani kuangalia Mungu kaleta nini. Hizo ndizo mbao ndefu za ubavuni na miti ya urefu wa chombo. Mbao zikikosekana walitumia mifupa ya wanyama. Na mbavu? Mbavu zinataka mti unaopindika, na gogo lililokaa miaka ndani ya barafu si kila siku linakubali. Hapo ndipo mwerebi unapoingia. Kusini ya Greenland, ndani ya mabonde yaliyojificha na upepo, kama bonde la Qinngua, mierebi inasimama, inampita mtu urefu. Na Alaska, kandokando ya mito, iko tele. Waliokuwa karibu nayo waliikata, wakaipinda mbichi, wakapata mbavu.

Ngozi ya sili, kazi yake ilikuwa ya wanawake. Mshono wao haupitishi maji, kwa sababu sindano haitoboi ngozi mpaka upande wa pili. Mimi ngozi sina. Tangu mwaka 1972 sheria ya Marekani imewaachia wenyeji wa asili wa Alaska peke yao kuwinda sili, na ni haki yao. Kwa hiyo cha kwangu nimekivika nailoni na vanishi. Mtu asije akaniambia baadaye kwamba nimedanganya.

Na kitu kimoja kilichonikaa moyoni: hawapigi misumari. Wanafunga. Kila taruma limefungwa kwa kamba, ili chombo kikipigwa na wimbi kijinyonge kidogo, kisivunjike. Watu wa Lamu mliomo humu, hamjasikia kitu kama hicho? Mtepe, chombo chetu cha kushonwa! Mababu zetu wa Pate na Faza walishona mbao kwa kamba za makumbi ya nazi, tanga lao mkeka, wakaenda safari zao bila chuma. Mtu wa barafu na mtu wa mnazi hawakuonana hata siku moja, na wote wawili walijua kwamba kamba husamehe na msumari hausamehi.

Haya. Nije kwenye kutafuta.

Ami yangu alikuwa fundi wa vyombo Matondoni. Akitaka mataruma hakwenda dukani. Alisubiri bamvua, maji yakijaa akaingia mikokoni na mtumbwi, mimi nimekaa omo, mbele ya mtumbwi, na kidumu cha maji ya kunywa. Shoka limelala chini, hakuligusa. Saa nzima, saa mbili, anatazama miti tu. Anatazama mlilana, anainamisha kichwa, anasema, "Lile ni taruma la tano la ile mashua ya mzee fulani." Mimi naona tawi limepinda tu! Yeye ameona taruma, na ameona ni la ngapi, na la chombo gani. Akilipenda hulitia alama, turudi wiki nyingine. Nikamuuliza siku moja, ami, kwa nini tusichukue mti ulionyooka tukaupinda? Akasema, "Mti uliojipinda wenyewe, nyuzi zake zimefuata. Ukiukata ulionyooka ukauchonga kombo, nyuzi umezikata."

Maneno hayo nimekuja kuyatumia Marekani, miaka thelathini baadaye. Katika kayaki kuna mti mmoja mbele ya tumbo la mwenye kukaa, umejikunja kama upinde, magoti yanajibana chini yake. Unaitwa masik. Huo unapata nguvu kama ukitoka katika tawi lililopinda lenyewe. Basi siku moja natoka kazini, kulikuwa na tufani usiku, mti umeanguka kando ya barabara kwa mtu mmoja, nikaona tawi. Nikafunga breki. Aliyekuwa nyuma yangu akapiga honi mpaka leo nadhani bado anapiga. Nikashuka, nikagonga mlango, nikamwambia mwenye nyumba, naomba lile tawi. Akaniuliza la nini. Nikamwonyesha kwa mikono. Akanipa, na kahawa juu. Ami yangu alikuwa amekwisha kufariki, lakini wallahi ni yeye aliyeliona lile tawi.

Lakini fito za mbavu ni jambo jingine. Hapa kinyume chake! Hapa unatafuta ulionyooka, kwa sababu utaupinda mwenyewe. Na kunyooka kwenyewe si kunyooka kwa macho ya haraka. Nikuelezeni ninachotazama.

Unene: kidole changu cha shahada, kama milimita 14. Urefu: dhiraa mbili na shibiri, ukizidi si neno. Usiwe na matawi ya pembeni, kwa sababu kila tawi ni fundo, na kila fundo ni mahali utakapovunjikia. Uwe mchanga, wa mwaka mmoja au miwili. Na usiwe umechongoka kama mkia wa samaki taa, chini mnene juu uzi, maana upande mwembamba utapinda wote na upande mnene utabaki umesimama, na mbavu yako itakuwa na bega moja juu, jingine chini.

Ufito kama huo unapatikana wapi? Si kwenye mwerebi mkubwa mzuri uliosimama peke yake bustanini. Ule usiupotezee muda, umejitanua, matawi yake kombokombo. Fito nzuri zinaota zinapobanana. Zikiwa nyingi mahali padogo, kila mmoja anakimbilia juu kutafuta jua, hana nafasi ya kutoa mikono. Kwa hiyo tafuta mahali palipokatwa. Chini ya nyaya za umeme, wanapofyeka kila baada ya miaka michache. Kando ya mitaro ya mashamba. Kwenye mchanga wa mto baada ya mafuriko.

Mimi mahali pangu pa kwanza pazuri nilionyeshwa na mnyama. Kuna mnyama huku anaitwa biva, mfano wa panya buku lakini mkubwa kama mbwa, mkia bapa kama upawa. Anakata miti kwa meno. Nilikuwa nimezunguka Jumamosi tatu, sijapata kitu, miguu imelowa, nimekata tamaa. Nikakuta visiki vimechongwa ncha kama penseli, na kutoka kila kisiki zimetoka fito kumi, kumi na tano, zimenyooka kama miale. Biva alikata msimu ule mwingine, mwerebi ukajibu hivyo. Nilisimama pale nikacheka. Fundi aliyenitangulia ana manyoya!

Sasa mtaniuliza: wakati wa baridi majani hayapo, utaujuaje mwerebi? Swali zuri, na mimi lilinigharimu. Mwaka wa kwanza nilirudi nyumbani na mzigo wa fito nzuri nyekundu, za kupendeza, nikazikwangua gome jioni nzima, kesho yake rafiki akaja akaniambia huu si mwerebi hata kidogo. Basi shikeni: tazama vijicho vya ufito, pale majani yatakapochipukia. Yule mwekundu vijicho vyake vimekaa viwili viwili, vinatazamana. Vya mwerebi vinapishana, kimoja huku, kingine juu yake kule. Halafu kitazame kijicho chenyewe. Mpopla, ambaye ni ndugu mkubwa wa mwerebi na anaota mto huo huo, kijicho chake kina magamba kadhaa na kinanata vidoleni, kinanukia kama ubani. Cha mwerebi kimevaa gamba moja tu, limekifunika chote, kama kofia. Kofia moja, hainati. Nani ana ufito sasa hivi? Dada, tazama karibu na ncha. Umeiona kofia? Haya, sasa hudanganyiki tena maisha yako yote.

Nimekwisha kupata mahali, nimekwisha kuutambua mti. Nakata? Bado!

Nisikilizeni vizuri hapa, hasa vijana. Mara ya kwanza nilitoka alfajiri na panga. Panga langu kutoka nyumbani, zuri, ninalipenda. Nimevaa kofia ya sufu imeshuka mpaka nyusi, niko vichakani kando ya njia wanayopita watu na mbwa wao asubuhi. Sikumwomba mtu ruhusa, nilidhani kichaka ni kichaka. Mnacheka, ninyi mnajua kilichofuata. Gari mbili za polisi. Nashukuru Mungu nilikuwa na akili ya kuliweka panga chini na kuinua mikono kabla sijaambiwa. Nikaeleza. Kayaki. Ya ngozi. Ya Wainuit. Mimi mtu wa Lamu. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuonekana mwongo! Waliniachia, lakini niliporudi nyumbani mikono ilikuwa inatetemeka, wala haikuwa baridi.

Sasa nasema mambo mawili. La kwanza, panga liache nyumbani. Chukua mkasi wa kupogolea miti na msumeno mdogo wa kukunja. Tena mkasi unakata vizuri zaidi, panga linapasua kisiki. La pili, omba. Ardhi ya huku ina mwenyewe, hata ile inayoonekana haina. Hifadhi za taifa usiguse. Kingo za mito mingi zinalindwa, na zina sababu: mwerebi ndio unaoshika udongo wa ukingo kwa mizizi, na kivuli chake ndicho kinachopoza maji ya samoni. Mimi sasa nakata kwa mkulima mmoja, kwenye mtaro wake. Nilimgongea mlango, nikamwomba. Akaniambia, "Kila mwaka nalipa mtu aje kunifyekea hayo, na wewe unaniomba?" Naye alishangaa kuliko polisi.

Na namna ya kukata. Usikate kila kitu. Katika kisiki chenye fito kumi nachukua nne au tano. Nakata chini karibu na kisiki, kwa mshazari, maji yateremke yasikae yakaozesha. Nikihitaji mataruma 24 nakata fito 40, na nitawaambia kwa nini hizo 16 za ziada. Halafu naondoka. Msimu ujao kisiki kile kinanipa tena, na zile za pili zimenyooka kuliko za kwanza.

Hapo mwerebi umetuzidi, wenzangu wa pwani. Mkoko wetu, ule wenye mizizi ya magoti, ukishaukata shina umekwisha. Hautoi tena. Mchu, jirani yake wa mikokoni, unachipua, mkoko hauchipui. Tulikata boriti karne ngapi? Vyumba vya nyumba za mawe za Lamu ni vyembamba kwa sababu boriti haiendi zaidi ya pale, nyumba nzima imepimwa na mti. Tulipeleka boriti Arabuni kwa majahazi. Mwaka 2018 serikali ya Kenya iliposimamisha ukataji wa misitu, wakata mikoko wa Lamu walikaa barazani mikono mitupu, na mimi nilipigiwa simu na kila jamaa niliye naye. Siwalaumu waliokataza, siwalaumu waliokata. Nasema tu kwamba siku ile ya biva, nilipoona kisiki kimoja kimetoa fito kumi na tano, niliona wivu.

Wakati wa kukata ni huu huu tulio nao. Majani yamekwisha kuanguka tangu Novemba, vijicho havijafunguka. Mti umelala, haupati jeraha kubwa. Wengine watakwambia ngoja Mei, utomvu umepanda, gome linavuka lenyewe kama ganda la ndizi. Ni kweli, linavuka. Lakini Mei ndege wamejenga viota humo, majani yamejaa huoni unachokata, na mti unaumia. Mimi nakata mwisho wa Februari na gome nalikwangua kwa kisu nikiwa nasikiliza mpira. Raha yangu.

Ukishakata usiziache zikakauka. Na hapa niwape kisa cha bafuni, ingawa mke wangu yupo na ananitazama. Mwaka juzi nilizisimamisha fito zangu ndani ya ndoo ya maji bafuni, nikasema nitazipinda wikiendi. Kazi ikanibana. Wikiendi ikapita, na nyingine, na nyingine. Siku moja mke wangu ananiita, "Baba Salma, njoo uone shamba lako." Naingia, fito zimetoa majani! Zimetoa na mizizi, nyeupe, imejaa ndoo. Mwerebi ndivyo ulivyo, ukiuchomeka mahali penye maji unaamua kuishi. Hazikufaa tena kwa chombo. Nilizipeleka kwa yule mkulima, nikazichomeka kando ya mtaro wake, na ufito mnaoupitisha sasa hivi umetoka humo. Umetoka bafuni kwetu, kwa hiyo.

Sasa kupinda, halafu nikae.

Tumefundwa sote: samaki mkunje angali mbichi. Mimi maisha yangu yote nilidhani methali hiyo ni ya watoto. Nilichapwa nayo. Sikuwahi kufikiri kwamba aliyeitunga pengine alikuwa na kitu mkononi kinachokunjika. Kayaki yangu ya kwanza nilizikata fito, nikaziweka gereji wiki sita, nikasema zikauke, mbao kavu ndiyo mbao. Ndivyo ninavyojua kwa mlango na kwa meza. Nikaanza kupinda. Ta! Ya pili, ta! Fito 14 nilizishika siku ile, 11 zikavunjika. Jirani akaja kuuliza kama nawasha moto.

Mti ukipinda, upande wa nje unavutwa na upande wa ndani unabanwa. Nyuzi za mti zikiwa na maji zinakubali kubanwa, lakini kuvutwa hazipendi hata zikiwa mbichi. Kwa hiyo kazi yako ni kuusaidia upande wa ndani ujikunje, ili wa nje usivutwe sana. Wazee wa kaskazini walitumia meno. Walishika ufito wakauuma upande wa ndani wa kona, kidogo kidogo, uzi baada ya uzi, wanaulegeza huku wanaukunja. Nilipoambiwa nilidhani natiwa ujinga. Nilijaribu. Chungu, ndiyo, mmeshaonja! Lakini jino linahisi kitu ambacho kidole hakihisi. Linahisi mti unapoanza kulegea, na linahisi ule mlio mdogo sana ndani kabla sikio halijausikia. Ukiuhisi, acha hapo hapo, sogea mbele nusu wanda. Tangu siku ile sivunji zaidi ya fito tatu au nne katika chombo kizima, na nyingine chache nazitupa kwa fundo lililojificha. Ndizo zile 16 za ziada, na zinazosalia mke wangu anapandia maharage.

Usipinde kwa goti. Vijana wote wanapinda kwa goti, kwa sababu linaonekana la kiume. Goti linatengeneza kona, nawe unataka mviringo. Tumia vidole gumba viwili, vinatembea kutoka katikati kwenda nje, kushoto na kulia. Upande mnene ukikataa, mkwangue kwa kisu upande wa ndani mpaka ulingane na mwenzake. Pinda kuzidi kidogo umbo unalotaka, maana ukiachia utarudi. Halafu tia ncha mbili ndani ya tundu zake, ubavu wa kulia na wa kushoto, tazama kutoka mbele jicho moja limefumbwa, uone kama unakaa sawa na mwenzake wa nyuma. Funga. Ngoja siku kadhaa ukauke humo humo, na ukikauka haurudi tena.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nimemaliza, bwana mkubwa.

Tangazo moja tu. Jumamosi ijayo, saa moja asubuhi, ninakwenda kwa mkulima. Amekubali nije na watu sita. Njooni na gambuti, glavu, na chai ya chupa. Mikasi ninayo. Mapanga, tumekwisha kuelewana.

Na ule ufito wangu uko kwa nani? Mzee, uko kwako? Mbona umeukunja? Hapana, hapana, usiunyooshe! Wallahi umekaa vizuri, tazameni mviringo ule. Ushike hivyo hivyo mzee wangu, usiuachie, mtu aniletee kamba pale mlangoni.